Maiti wa Maktaba

Kazini walimwita Mwosha, na hakuwa na kinyongo na jina hilo, maana kazi yake kweli ilikuwa kuosha. Filamu za zamani zililetwa ndani ya makopo yenye kutu, zikinuka siki, naye akazifuta kwanza kwa kitambaa na dawa, kisha akazipitisha kwenye mashine ya kuzinakili, kisha akakaa mbele ya kompyuta akiondoa mikwaruzo, fremu baada ya fremu, mpaka macho yakawa mekundu. Mwisho wa yote filamu ilitolewa kwenye diski, ndani ya kasha zuri, na watu wachache wenye mapenzi ya ajabu wakainunua na kuiweka kabatini. Wengine waliitazama pia.

Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la vitasa na bawaba. Walikuwa watatu tu. Kulikuwa na Mwosha. Kulikuwa na fundi wa sauti aliyesikia kila kitu duniani isipokuwa akiitwa, wakamwita Masikio. Na kulikuwa na Bosi, mwanamke mrefu mwenye miwani ya aina mbili, ya kusomea na ya kukasirikia. Bosi ndiye aliyebandika ukutani kanuni ya nyumba, kwa herufi kubwa: TUNAONDOA KILICHOFANYWA NA MUDA. HATUGUSI KILICHOFANYWA NA MTU. Mgeni yeyote aliyeingia aliisoma kwa sauti, akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, kisha akauliza choo kiko wapi.

Msimu ule kopo lililokuja lilikuwa na filamu iitwayo Mauaji ya Mahafali. Kama hujawahi kuisikia usijilaumu; hata waliocheza ndani yake wengi wamejitahidi kuisahau. Mwanafunzi wa chuo anafeli somo la takwimu mara tatu. Anapoambiwa hatahitimu, anavaa joho na kofia ya mahafali, anachukua ile bikari kubwa ya mbao ya kuchorea duara ubaoni, na kuanza kuwaua wanaohitimu mmoja mmoja kwa kufuata alfabeti, kwa kuwa ndivyo wanavyoitwa jukwaani siku yenyewe. Wenye majina yanayoanza na Z wanaendelea kucheza muziki bila wasiwasi. Polisi wanashindwa kabisa kumtambua muuaji, ingawa katika filamu nzima ndiye mtu pekee mwenye joho, kwani joho la pili halikupatikana.

Hiyo ndiyo filamu. Na katikati yake, chini ya ngazi za maktaba, amelala maiti mwenye shati la bluu na damu kifuani. Maiti huyo alikuwa baba yake Mwosha.

Hakuwa mwigizaji. Alikuwa fundi umeme wa chuo, na siku ile alikwenda maktaba kulalamika kwamba taa za watu wa filamu zinamuunguzia fyuzi. Mwanafunzi aliyepangiwa kufa pale alikuwa ameitwa kwenye mtihani. Mwongozaji akamtazama fundi umeme, akatazama saa, akasema, "Wewe, lala hapo." Fundi akauliza alale mpaka lini. Akajibiwa, "Mpaka utakaposikia nikisema kata." Basi akaweka bisibisi yake pembeni, akalala.

Miaka michache baadaye alilala kweli, kwa homa ya siku chache tu, mtu ambaye umeme wenyewe haukuwahi kuthubutu kumgusa. Mwosha alikuwa bado hajajua kutembea. Picha zilizobaki nyumbani zilimwonyesha amesimama wima kama ufagio, hacheki, hakunji uso, anasubiri apigwe picha arudi kazini. Mahali pekee ambapo alionekana akiwa na uhai ndani yake ni pale chini ya ngazi, alipokuwa amekufa.

Kwa maana maiti yule alikuwa akipumua. Kila aliyeitazama Mauaji ya Mahafali alijua hivyo hata kama hakukumbuka kingine. Kamera inashuka ngazi taratibu, muziki unatetemeka, kamera inamfikia marehemu na kutulia, na kifua cha marehemu kinapanda. Kinashuka. Kinapanda tena. Nyumbani kwao Mwosha kulikuwa na kaseti ya video ya filamu hiyo, na Mama aliicheza mara nyingi hivi kwamba mwishowe fundi umeme alikuwa amebaki doa la kijivu karibu na kitu kinachofanana na ngazi. Lakini doa lilipanda na kushuka, na Mama alitosheka.

"Baba yako huyo," angesema, huku akikunja nguo. "Kufa tu kumemshinda."

Kisha deki ikaimeza kaseti yenyewe, ikaitafuna, na Mama akawa anakunja nguo mbele ya televisheni iliyozimwa.

Ndiyo maana kopo lilipofika, Mwosha hakumwambia Bosi kitu. Aliogopa kunyang'anywa, kwa hoja ile ile ya daktari kutompasua nduguye. Alimwambia Mama peke yake. "Nitakuletea Baba," alisema, "msafi kuliko alivyokuwa siku ile." Mama akajibu kwamba asichelewe, na pia asije na mikono mitupu, nyumbani hakuna sukari.

Sasa, kuna jambo kuhusu kazi hii ambalo watu wa nje hawalielewi. Mwosha wa filamu haangalii filamu. Anaangalia uchafu. Ukimkuta ameikodolea macho picha ya mtu anayechomwa kisu, ujue anatazama unywele uliokwama pembeni ya kisu. Kwa wiki nzima Mwosha aliondoa ukungu kwenye shavu la baba yake, akafuta mkwaruzo uliompitia shingoni, akaziba tundu lililokuwa limemla sikio, na wiki nzima hakumwona. Aliona shavu, shingo na sikio. Labda alikuwa akijikinga pia. Moyo una ujanja wake.

Kompyuta yao ilikuwa na programu waliyoiita kitulizo. Ukiipa picha isiyo na mwendo, tuseme ukuta au meza, inalinganisha fremu na fremu, na chochote kinachotikisika inakihesabu kuwa ni mtetemo wa ukanda mkongwe, inakituliza. Kwa hiyo pale ofisini kulikuwa na utaratibu ambao hata Masikio aliufahamu: kabla ya kuwasha kitulizo, kwanza unawazungushia walio hai. Unachora mstari kumzunguka kila mtu aliye hai kwenye picha, ili mashine ijue kwamba hapo haigusi. Asiyezungushiwa hahesabiki.

Zamu ya kitulizo ilipofika, Mwosha alifungua picha ya maktaba. Akaangalia, kulikuwa na ngazi, rafu na maiti. Hakumzungushia mtu. Akawasha kitulizo, akaenda kunywa maji, na aliporudi picha ilikuwa imetulia vizuri sana, akafurahi kama fundi yeyote anavyofurahia kazi yake.

Mwongozaji wa filamu alikuja kuikagua asubuhi moja, amevaa suti na tai, na mkongojo mkononi. Huko mjini wote walimwita Mzee Kata. Baada ya Mauaji ya Mahafali hakutengeneza filamu nyingine. Alitengeneza matangazo ya sabuni mpaka akastaafu. Alikaa kwenye kiti cha mbele, mgongo wima, akatazama wanafunzi wakiuawa kuanzia A kwa heshima ya mtu aliye msibani. Ilipofika picha ya maktaba, aliinua mkongojo.

"Rudisha hapo."

Mwosha akarudisha.

"Rudisha tena." Akasogea mbele mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. "Hapumui."

Mzee Kata alitoa kitambaa, akajifuta macho bila kuona haya.

"Mnajua gazeti liliandika nini wiki ile filamu ilipotoka? 'Maiti Apumua.' Kwa herufi kubwa kuliko jina langu. Harusini kwa binti yangu mwenyewe, mshereheshaji alinikaribisha kwa maneno hayo, ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Tulikuwa na ukanda wa kupiga mara moja tu, sikuweza kurudia. Ile ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani, na yule bwana akanipumulia ndani yake." Akamshika Mwosha mkono kwa mikono yake miwili. "Binti yangu, umemaliza kazi. Hatimaye umemuua."

Hapo ndipo Mwosha alipotazama katikati ya picha kwa mara ya kwanza. Alimwona baba yake, msafi, kila kifungo cha shati kikionekana, amelala kimya. Alisubiri kifua kipande. Hakikupanda, na Mzee Kata akatia sahihi ya kuikubali kazi kwa mwandiko wa madaha.

Angempigia Mama simu amwambie asije. Lakini Mama alikuwa tayari kwenye ngazi, anahema, amevaa kitambaa chake cha kichwa cha sikukuu, maana alikuwa ameahidiwa mchana ule, na Mama hakuwahi kuchelewa mahali alipoahidiwa. Alipishana na Mzee Kata mlangoni. Mzee akamwinamia kwa adabu, akapita na furaha yake.

Mwosha alimkalisha kwenye kiti kile kile. Picha ya maktaba ikaja. Mama aliweka mkono mdomoni.

"Ona kola," alisema. "Niliigeuza mimi hiyo kola, baadaye, ilipochakaa. Ona na kovu la kidevuni. Nilishasahau lilikuwa upande gani." Akasubiri. Mwosha alijua anasubiri nini na alitamani sakafu ipasuke. "Imekwama?"

"Haijakwama, Mama."

"Mbona baba yako hapumui?"

Mwosha akamweleza yote, kuhusu kitulizo, mtetemo, na kuwazungushia walio hai. Alieleza kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, kama afanyavyo mwenye kosa. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mashine ilidhani amekufa."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ukadhani hivyo hivyo."

Mama akachukua mkoba wake, akasimama. "Mimi nilimzika mara moja," alisema. "Inatosha." Na akashuka ngazi polepole, akishikilia ukuta.

Mficha uchi hazai. Mwosha alikwenda moja kwa moja kwa Bosi akamwaga kila kitu: maiti ni baba yake, alificha, alikosea, na anataka kumrudisha. Bosi alivua miwani ya kukasirikia, akavaa ya kusomea, ingawa hapakuwa na cha kusoma.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," alisema. "Nawe ulinificha."

"Nimekosa, Bosi. Lakini kanuni iko pale ukutani. Pumzi ni kitu kilichofanywa na mtu. Hatukutakiwa kuigusa."

"Kweli. Lakini mwongozaji naye ni mtu, filamu ni yake, na amesema afe. Mimi siwezi kumfufulia mtu maiti bila ruhusa yake." Alifikiri kidogo. "Kesho anarudi kurekodi maelezo yake, yale ya kusikilizwa juu ya filamu kwenye diski. Tukimaliza, kazi inakwenda kiwandani, na ikishapigwa chapa ni maji yaliyomwagika. Kama una la kumwambia, mwambie kesho."

"Siyo mimi wa kumwambia," Mwosha alisema. "Ni Mama. Siku ya kupiga picha ile alikuwepo. Alikuwa akipaka waigizaji damu."

Kumshawishi Mama haikuwa kazi ndogo. Alisema hajawahi kumpigia magoti mtu aliye hai, ataendaje kumpigia magoti mtengeneza sabuni? Lakini asubuhi alikuwa amevaa kabla Mwosha hajaamka.

Walimkuta Mzee Kata kwenye chumba cha sauti, kuta zimebandikwa sponji, anaongea na kinasa sauti huku filamu ikipita mbele yake. Alikuwa akieleza kwa kirefu kwamba bikari inawakilisha mzunguko wa elimu isiyomfikisha mtu popote. Masikio alikuwa ameinamia mitambo yake na uso usio na maoni. Mama aliingia bila kubisha, akavuta kiti.

"Hujambo, Mwongozaji."

"Sijambo. Samahani, Mama, tunarekodi. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nikipaka damu."

Mzee Kata alimtazama kwa muda, na uso wake wote ukafunguka. "Binti wa sharubati! Ile damu yako ya sukari! Sisimizi walitutesa mpaka tukahama jengo!"

"Ndiyo mimi. Nimekuja kuhusu yule fundi umeme."

Uso ukafunga tena. "Yule bwana aliniharibia maisha. Mtu anaambiwa alale afe, anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Sawa, hakuwa mwigizaji, lakini kuzuia pumzi hata mtoto anaweza."

"Alikuwa amezuia," Mama alisema. "Alikuwa anacheka."

Mwosha aligeuka. Hilo hakuwahi kulisikia. Miaka yote ile ya kukunja nguo, hakuwahi kulisikia.

"Alikuwa amenisumbua mwezi mzima twende tukanywe chai," Mama aliendelea, macho yake mikononi. "Kila fyuzi ikiungua anapitia kwangu kwanza. Mimi nikijifanya sisikii. Siku ile nikapiga magoti kumpaka damu kifuani, nanyi mnahangaika na taa. Nikamnong'oneza, 'Ukifa vizuri, nitakuja kunywa chai.' Nikaondoka zangu nikasimama nyuma ya kamera. Ukasema anza. Sasa mtu wa watu angefanyaje? Alijitahidi. Mimi nilimwona anavyojitahidi, nikazidi kumfanyia vituko kwa uso."

Mzee Kata aliweka mkongojo sakafuni.

"Nimechekwa miaka yote hii," alisema, "kwa sababu ya kikombe cha chai."

"Ndiyo, Mzee."

"Na ulikwenda kunywa?"

"Sharti lilimshinda. Lakini nilikuwa nimeshachagua nguo ya kuvaa, ningefanyaje? Nikaenda." Akamwonyesha Mwosha kwa kidevu. "Huyu alikuja baadaye kidogo. Fundi mwenyewe akaondoka baada ya hapo, na sikupata tena mtu wa kucheka nami kama yeye. Ninachoomba ni pumzi zile tu. Sina nyingine."

Sauti yake haikukatika.

Mzee Kata aliomba aonyeshwe picha ilivyokuwa kabla ya kitulizo. Mwosha akaileta: ilikuwa tayari imeoshwa, mikwaruzo na ukungu vimekwisha, ila haijatulizwa. Kifua kikapanda. Kikashuka. Na kwa kuwa sasa ilikuwa safi kuliko wakati wowote tangu ilipopigwa, wote wakaona jambo ambalo kaseti haikuwahi kuonyesha: pembe ya mdomo wa marehemu ilikuwa ikitetemeka. Maiti alikuwa amejikaza kwa nguvu zake zote, na anashindwa. Mzee Kata alitazama mara moja. Akaomba mara ya pili. Akaomba ile iliyotulizwa, akaitazama nayo, akarudi kwenye ile ya kwanza.

"Anacheka kweli," alisema. Alikaa akisugua goti lake. "Nilimwambia alale mpaka atakaponisikia nikisema kata. Kosa langu, nilichelewa kusema. Picha ilikuwa nzuri mno, sikutaka iishe." Akavuta pumzi, akanyoosha tai. "Mrudishe. Lakini kwenye kasha msiandike kwamba nilipenda."

Kisha akamgeukia Masikio na kumuuliza kama yote hayo yamerekodiwa. Masikio, ambaye kwa mara ya kwanza alisikia akiitwa, akasema yamerekodiwa yote, na tena kwa ubora mzuri.

Mchana huo Mwosha alifungua picha ya maktaba upya, Mama amekaa nyuma yake na kikombe mkononi. Kulikuwa bado na mtetemo kwenye ngazi na rafu, na hivyo kitulizo kilikuwa lazima kiwashwe tena. Mwosha alianzia begani. Akaupeleka mstari taratibu kando ya kola, akapanda sikio alilolitibu mwenyewe, akazunguka nywele, akashuka upande wa pili mpaka kwenye viatu vya fundi umeme, na safari hii aliangalia kila alipopita. Alipofunga mstari alikuwa analia, na hakujisumbua kuficha.

"Umemzungushia?" Mama akauliza.

"Nimemzungushia."

"Pote?"

"Pote, Mama. Washa mwenyewe."

Mama akaweka kikombe chini, akabonyeza.

Diski zilitoka kiwandani na zikauzwa kadiri ya matarajio, yaani kidogo. Mzee Kata alinunua nyingi akawagawia wajukuu, ambao hawakuwa na kitu cha kuzichezea. Jarida moja la wapenda filamu liliandika maoni yake, na Mwosha akaenda nalo nyumbani pamoja na sukari. Mama alikuwa anakunja nguo. Televisheni ilikuwa imewashwa.

"Wanasemaje?"

Mwosha akasoma. Walisema hadithi ni dhaifu, muuaji anajulikana tangu mwanzo, na maelezo ya mwongozaji yanavamiwa katikati na mwanamke mmoja asiyetambulishwa. Walisifu rangi. Walisifu usafi wa picha. "'Ndiyo maana inashangaza,'" alisoma, "'kwamba baada ya kazi yote hiyo, maiti wa maktaba bado anapumua.'"

Mama aliacha kukunja. Shati lilikuwa limebaki mikononi mwake, mkono mmoja ndani, mmoja nje.

"Soma tena hapo mwisho," alisema.

"'Bado anapumua.'"

"Tena."

Mwosha akasoma tena.